Gunia la Unga na Historia ya Nchi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Baraka, Teritwari ya Fizi, Kivu Kusini

 Nawaomba wachoraji waliosimama kule nyuma karibu na mlango wasogee mbele. Viti viwili vitatu bado viko wazi, na maneno ya leo yanawahusu wao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nimeitwa nizungumze juu ya uchoraji wa watu ambao hawakusomea uchoraji. Kusudi langu nalitaja mapema ili mnipime nalo: nataka kuonyesha kwamba kile ambacho picha imechorwa juu yake, pamoja na rangi iliyotumika, ni sehemu ya maneno ya picha yenyewe. Mara nyingi husikika, hata kwa watu wenye nia njema, "Kijana huyu angefika mbali kama angepata vifaa." Huruma hiyo naielewa. Lakini mwenye kuitazama picha kwa jicho hilo huona kilichopungua tu, na kile picha inachosema kinampita. Nina hoja nne, kisha nitarudi hapa kwetu. Hoja ya kwanza itakuwa ndefu kuliko nyingine, kwa sababu ina mtu ndani yake ambaye kila Mkongomani anayesema Kiswahili anastahili kumjua kwa jina.

Hoja ya kwanza: kifaa huamua picha itazungumza na nani

Mtu huyo ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Alijifundisha kuchora, na kazi zake aliwauzia watu wa kawaida wa mjini. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Katika urafiki wao Tshibumba alichora mfululizo wa picha 101 unaosimulia historia ya nchi yetu: enzi za mababu, kuja kwa Wazungu, miaka ya ukoloni, uhuru, kifo cha Lumumba, kujitenga kwa Katanga, Zaire ya Mobutu, na mwishoni siku za mbele kama alivyoziwaza mwenyewe. Aliieleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga, na maelezo yake yakarekodiwa. Fabian aliyachapisha pamoja na picha katika kitabu mwaka 1996. Picha zenyewe leo ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum hadi mwaka 2023.

Historia hiyo yote imechorwa juu ya magunia ya unga.

Naomba tusipite hapo haraka. Gunia la kitambaa likishaisha unga hufumuliwa nyuzi zake, hufuliwa, hukatwa, hupigiliwa kwenye fremu nyepesi ya vijiti, kisha hupakwa rangi ya chini ili vitundu vya kitambaa vizibe. Ndipo mchoraji anaanza. Gunia lina mwisho wake, kwa hiyo picha haiwi kubwa. Nalo ni rahisi kupatikana, kwa hiyo picha haiwi ghali. Na picha ndogo isiyo ghali inamfaa nani? Inamfaa fundi wa mgodini, karani, dereva, mwalimu. Mtu wa mshahara mwenye sebule moja na ukuta mmoja wa kutundika kitu. Wasomi waliochunguza uchoraji wa Lubumbashi wa miaka ile, Fabian mmojawapo na Bogumil Jewsiewicki mwingine, walizikuta picha hizi majumbani, sebuleni, mahali mgeni anapokaribishwa. Watu wenyewe walisema ni ukumbusho.

Sasa fikirini mji wenyewe. Lubumbashi ni mji wa shaba. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwaweka wafanyakazi wake katika kambi na kuwapa posho ya unga pamoja na mshahara. Baada ya kutaifishwa ikageuka kuwa Gécamines. Katika mji kama huo unga ni hesabu ya nyumba. Mama anaujua uzito wa gunia, anajua litafika tarehe ngapi, anajua lini atakwenda kuomba kwa jirani. Tshibumba alitumia gunia kwa kuwa lilipatikana. Sina haja ya kumtungia sababu nyingine. Lakini mnunuzi wake aliposimama mbele ya picha, alikuwa amesimama mbele ya kitambaa alichokifahamu kwa mkono wake mwenyewe. Habari za wafalme, majenerali na marais zilikuwa zimeshushwa hadi kwenye kitu cha jikoni kwake. Hapo historia haikuwa tena mali ya serikali na vitabu vya shule. Ilikuwa jambo ambalo na yeye anaweza kulisemea neno.

Chukueni picha iliyopendwa kuliko nyingi, ile iitwayo Colonie belge. Wachoraji wengi waliirudia, na Tshibumba pia. Kuna gereza, kuna bendera ya Ubelgiji, kuna mfungwa aliyelazwa chini akichapwa fimbo na askari mweusi, na Mzungu amesimama akitazama. Mara nyingine huandikwa juu yake miaka, 1885 hadi 1959. Kwa nini mtu atundike mateso hayo sebuleni mwake, juu ya kiti anachokalisha wageni? Kwa sababu alitaka yazungumzwe. Mgeni akiingia atauliza, baba wa nyumba atasimulia yaliyompata babu yake, mtoto atasikia. Picha ya bei kubwa isingeweza kufanya kazi hiyo katika nyumba mia moja za mtaa mmoja. Gunia liliweza. Urahisi wa kifaa ndio uliofanya picha irudiwe na kurudiwa, na kila mara iliporudiwa mchoraji aliisimulia upya, akaongeza mlinzi hapa, mke wa mfungwa pale. Walimu wa sanaa wa Ulaya huona kurudia ni udhaifu. Mimi naona ni desturi ya msimulizi wetu, ambaye hakatazwi kusimulia hadithi moja katika nyumba nyingi.

Kuna picha ya pili ambayo sitaki kuiacha, ile ya kifo cha Lumumba. Tshibumba amemlaza Lumumba chini pamoja na wenzake Mpolo na Okito, na nyuma yao mbali ameweka misalaba mitatu. Mkristo yeyote anajua ni kilima gani hicho. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inatiririka hadi inaandika neno ardhini: Unité, yaani umoja. Wachoraji waliokuwa wakilipwa na makanisa walikuwa na kuta nzima za kuchora mateso ya Kristo. Huyu alikuwa na kipande cha gunia, na juu yake akaweka kilima cha Golgotha na mauaji ya tarehe 17 Januari 1961 kwa pamoja. Zaidi ya hayo, alipozungumza na Fabian alijitambulisha kuwa ni mwanahistoria. Hakusema anapamba nyumba za watu. Alisema anaandika historia, naye alikuwa na magunia, rangi na ulimi wake.

Hoja ya pili: kifaa huufundisha mkono

Tuvuke Ziwa Tanganyika. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kusini mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama wengine. Alianza kuchora mwaka 1968. Alichukua hadibodi, mbao za kubandika dari, akazikata miraba, na rangi yake ilikuwa ile yenye kung'aa wanayopakia baiskeli.

Wachoraji mliopo hapa mnajua rangi hiyo inavyotenda. Ikiwekwa hutandaa yenyewe, alama ya brashi inapotea. Ukigusa rangi nyingine juu yake ikiwa mbichi, zote mbili zinaharibika; lazima usubiri. Basi hakuna kivuli kinachofifia polepole kutoka giza hadi nuru. Unapaka mandharinyuma yote kwa rangi moja au mbili, unaacha ikauke, unaweka mwili wa chui au ndege, unaacha, mwisho unatia madoa na mistari. Huo ndio mtindo ulioenea dunia nzima kwa jina lake: mnyama mmoja mkubwa, mzingo mkali, rangi tupu inayong'aa, madoa juu. Watu husema ni mtindo wa furaha, na ni kweli unafurahisha, ila tabia yake kubwa imetoka kwenye kopo la rangi ya baiskeli. Rangi iliweka masharti, na Tingatinga akayageuza kuwa lugha. Alikuwa na miaka minne tu ya kazi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, lakini alikuwa ameshawafundisha jamaa zake, na kazi yao imeendelea hadi leo.

Angalieni pia tofauti yake na Tshibumba. Hadibodi ilisimama nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walipita, na kipande cha mraba kinaingia sandukuni mwa msafiri. Kwa hiyo Tingatinga alizungumza na mtu anayeondoka, na Tshibumba alizungumza na mtu anayekaa. Wote wawili walikuwa na vifaa duni, lakini maneno ya mmoja hayafanani na ya mwenzake.

Nitaje kwa ufupi mwingine, Bela, aliyekuwa Élisabethville katika karakana iliyoitwa Le Hangar. Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, aliianzisha mwaka 1946, na humo walitoka pia Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga. Bela alichora kwa vidole, katika karakana ambamo brashi hazikukosekana. Picha zake zimejaa alama za ncha za vidole, moja kando ya nyingine, hata majani na samaki wanaonekana kama wamepigwa mhuri wa mtu mwenyewe. Namtaja kwa sababu kifaa duni kuliko vyote ni mwili, na Bela aliuchagua.

Hoja ya tatu: kifaa kikibadilishwa, picha inahama

Mwaka 1926, katika Katanga, ofisa wa kikoloni aliyeitwa Georges Thiry aliona nyumba za udongo zilizochorwa kutani karibu na Bukama. Mmoja wa wachoraji alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Mkewe Lubaki, Antoinette, naye alichora. Mwingine, Djilatendo wa Kasai, alikuwa fundi cherehani. Karatasi zao zilisafirishwa kwa meli, na mwaka 1929 zikaonyeshwa Brussels.

Mnaona kilichotokea? Ukuta ni wa mwenye nyumba. Kila apitaye huuona bure, na mvua ya masika huutia doa hadi upakwe upya mwaka unaofuata. Hauuzwi, hauhami. Karatasi inakunjwa, inatiwa jina, inapanda meli, inamilikiwa na mtu asiyejua mlango wa nyumba ile ulitazama upande gani. Kwenye karatasi sura za Lubaki, yaani watu na wanyama wake, zinasimama katika weupe mtupu, na mara nyingi amezizungushia mstari pembeni kama mtu anayejijengea ukuta upya mahali usipokuwepo. Siwezi kuitazama mistari ile bila kuguswa.

Karatasi iliokoa kitu, na lazima tukiri hivyo: ukuta wa Bukama wa mwaka 1926 haupo, karatasi zipo, na mwaka 2015 zilitundikwa Paris katika Fondation Cartier. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1930 mawasiliano na wachoraji yalikuwa yamekatika. Hakuna aliyekaa na Lubaki akamuuliza kila sura ina maana gani, jinsi Tshibumba alivyoulizwa miaka arobaini na kitu baadaye. Tunazo picha, hatuna sauti. Kifaa kipya kilikuja bila swali, na sehemu ya maana ikabaki ukutani, ikaenda na mvua.

Hoja ya nne: tusiusifu umaskini

Hapa nataka nisikike vizuri, kwa sababu najua kuna mchoraji ananitazama akiwaza, "Mwalimu huyu anataka nibaki na gunia." Hapana. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956 na kuanza Kinshasa kama mwandishi wa mabango, alichora kwanza juu ya vitambaa vya magunia. Kutoka kwenye mabango alileta maneno ndani ya picha, ili mpita njia asimame asome. Fedha zilipopatikana akahamia kwenye turubai la wachoraji, na maneno yake yakahamia naye. Moke, mwenzake wa Kinshasa, alianzia kwenye makaratasi ya maboksi. Hakuna mwenye haki ya kuwadai warudi huko.

Gunia huoza. Rangi hupasuka likikunjwa, panya hulipenda, unyevu huliotesha ukungu. Na wapo wauzaji wa picha wanaofurahia gunia kwa sababu mbaya: linawathibitishia wateja wao kwamba mchoraji ni maskini wa kweli, na umaskini huo wanauuza pamoja na picha. Upande wa mchoraji mambo ni mengine. Uchumi wa Zaire ulipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1970, mtu wa mshahara aliyekuwa akinunua Colonie belge hakuwa na cha kununulia tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakuonekana. Mtu aliyeichora historia ya taifa zima, kaburi lake halijulikani. Kwa hiyo ninapodai kwamba gunia lina maana, nadai wakati huohuo kwamba mchoraji awe na uwezo wa kuchagua: leo gunia, kesho turubai, na sababu iwe yake.

Hapa kwetu

Ndugu zangu, Fizi haikuanza kuchora jana. Barakoa ya Alunga ya Wabembe, yenye nyuso mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, ina macho makubwa yaliyozungushiwa weupe na weusi. Rangi hizo ni udongo mweupe na makaa, vitu vya ardhini na vya mekoni. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alifanya kazi miongoni mwa Wabembe katikati ya karne ya ishirini na kuandika juu ya sanaa yao; barakoa kadhaa za aina hiyo leo ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wazee waliozivaa hawakuuliza kama udongo ni kifaa duni. Ulikuwa udongo wao, na mahali ulipochimbwa palijulikana.

Kisha ukaja mwaka 1996. Familia nyingi za Fizi zilikimbia vita, zikavuka ziwa hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo. Watoto waliokulia huko walikulia chini ya mashitingi ya plastiki, na gunia walilolijua lilikuwa la mgao, lenye maandishi makubwa ya shirika na ya nchi iliyotoa. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi hapa hapa Baraka, na magunia yale yakarudi nao yakiwa na nguo na masufuria ndani.

Ndiyo maana gunia la Baraka halisemi kama gunia la Lubumbashi. Kwa mtoto wa mgodini gunia lilisema mshahara wa baba. Kwa mtoto wa Nyarugusu linasema kadi, foleni, na jina linaloitwa au lisiloitwa. Kijana wa hapa akichora rasi ya Ubwari na mitumbwi ya wavuvi juu ya gunia la mgao, halafu herufi za shirika zikaonekana hafifu kupitia rangi ya maji ya ziwa, asiharakishe kuzifunika kwa mkono wa pili wa rangi. Afikiri kwanza. Ziwa lile lile lilimpeleka mama yake ng'ambo akiwa mkimbizi, na herufi zile zinajua safari hiyo. Anaweza kuzifuta; anaweza kuziacha; anaweza kuacha mbili tu. Katika uamuzi huo anafanya kazi nzito kuliko katika kupatia umbo la mtumbwi.

Na shitingi? Lina plastiki, rangi haishiki vizuri, hubanduka. Mchoraji anayetaka nyumba yake isimame miaka mingi katika picha asiichore juu ya shitingi. Anayetaka kusema kwamba nyumba ile haikusimama, anacho kitambaa kinachojua kusema hivyo.

Yanayotungoja

Nimewaomba viongozi walioniita jambo moja, na sasa naliomba mbele yenu. Tupate chumba kimoja kikavu, kisicho na mabati yanayochoma juu yake, ambamo picha za wachoraji wa Baraka, Fizi-Centre, Misisi na vijiji vya Ubwari zitakaa zimenyooka bila kukunjwa. Nyuma ya kila picha mchoraji aandike kwa mkono wake mwaka, mahali, na vifaa: gunia la nini, limetoka wapi, rangi ya duka au ya kuchanganya. Kisha tukae naye tumrekodi akiisimulia kwa lugha anayoipenda, Kibembe, Kifuliiru au Kiswahili, na asikatizwe. Tuanze na wakubwa waliorudi mwaka 2005 na miaka iliyofuata wakiwa vijana, maana wao wanakumbuka pande zote mbili za ziwa. Shule zinazopenda zinaweza kuanza na wanafunzi wa darasa la mwisho, kila mmoja akileta kipande cha kitu kilichowahi kubeba kitu kingine nyumbani kwao.

Kinasa sauti ninacho. Kilichobaki ni chumba, na mwalimu mmoja au wawili wa kuandika kumbukumbu. Aliye tayari anipe jina lake kabla hatujaachana, na wachoraji tukutane Jumamosi hii, kila mmoja na picha moja. Bwana Mwenyekiti, sasa naomba maswali, na naomba la kwanza litoke kwa wale waliokuwa wamesimama mlangoni.